Shanta Iliyokaa Mkononi

Katika nyumba yetu, hapa kisiwani Nosy Be, mzigo haupewi mtu. Ukipanda boti ya kwenda Ankify, baharia akinyoosha mkono akupokelee begi, unamshukuru na unalikumbatia. Ukipanda gari, begi linakaa mapajani, hata likiwa refu kiasi cha kukuziba macho. Majirani hutucheka. "Hao Wangazija," husema, "wakifa watazikwa na masanduku yao."

Desturi hiyo si ya kale. Mama yangu alikuwa akiishi Mahajanga, mtaa wa Tanambao, katika miaka ya sabini, wakati wa zile vurugu ambamo watu wetu walipigwa na nyumba zao kuchomwa moto. Waliosalia walikusanywa wakarudishwa Komoro, wengine kwa meli, wengine kwa ndege. Mama alikuwa na mimi tumboni. Baba hakuwemo katika safari hiyo. Alikuwa amekwisha kuzikwa, na mpaka leo sijaambiwa kaburi lake liko upande gani wa mji.

Mama alikuwa na sanduku moja la bati. Karibu na ngazi ya ndege, mtu mmoja mwenye shati safi alimwambia, "Mama, una mimba, nipe hilo, utalikuta huko." Akampa. Hakulikuta. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya baba ya harusi, msahafu, vijora viwili ambavyo hakuwahi kuvivaa, na picha zote. Ndiyo maana sijui sura ya baba. Kwa maneno ya mama, waliofika Moroni na vitu vyao ni wale tu waliokataa kuachia. Kizazi kile chote cha akina mama kilishuka katika ndege zile na funzo hilo moja, wakatulea nalo.

Baada ya miaka michache tulirudi Bukini, yaani Madagaska, lakini si Mahajanga. Mama alisema mji ule umekwisha kumla vya kutosha. Tukaja kwa shangazi yake, Nosy Be, na huku ndiko nilikokulia. Nyumbani mama alisema Kingazija, nami nilimjibu kwa Kimalagasi. Nilisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi. Sikuwa mjinga, ila mwalimu akiniuliza jambo mbele ya wenzangu, jibu nililokuwa nalo lilikimbia. Nilipotoka shule nilipata kazi isiyohitaji kusema. Nilibeba mizigo ya wageni wanaokwenda kutembea kwa miguu, juu ya mlima Passot na pembezoni mwa msitu wa Lokobe. Mpagazi hatakiwi kuongea. Anatakiwa awe na mabega.

Mwongozaji ni mtu mwingine kabisa. Yeye hutembea mbele na chupa yake ya maji tu. Mgeni akiuliza, yeye hujibu. Wakati wa kula huketi na wageni, sisi tunakaa upande wa pili wa mti. Niliwasikiliza waongozaji miaka mingi, na niliyajua maneno yao yote, Kifaransa chao pamoja na mizaha yao. Nilitaka niwe hivyo. Sikumwambia mtu.

Kisha mzee mmoja wa Kizungu, ambaye nilimbebea mizigo misimu mitatu mfululizo, magoti yakamshinda. Siku alipoondoka kurudi kwao aliniachia vitu vyake vyote vya kutembelea. Shanta kubwa ya kijani yenye mkanda wa kiunoni. Hema jepesi la mtu mmoja na vigingi vyake vya chuma. Fimbo mbili za kutembelea milimani, zile zinazoingia ndani yake zenyewe zikawa fupi. Mfuko wa kulalia. Kisu cha kukunja. Na jiko dogo la gesi, dogo kiasi kwamba ukilikunja linakaa katika kiganja. Aliniambia, "Mwenye vitu hivi habebi vya wengine." Nilivitandaza juu ya mkeka nyumbani, mama akavipita mara kadhaa akivitazama kama mtu anayetazama samaki asiyemjua.

Haukupita muda, patroni akaja. Ndivyo sote tulivyomwita. Alikuwa mtu wa nyanda za juu aliyepanga safari za miguu kwa wageni, huku kwetu na bara. Alikuwa ameniona kazini, na alikuwa amesikia habari za vitu vyangu. Alinikuta nikiosha miguu nyuma ya nyumba.

"Zandry," aliniambia, yaani mdogo wangu, "nina kundi la wageni. Tunaruka mpaka Mahajanga, halafu tunatembea katika msitu wa Ankarafantsika, tunarudi na kumalizia Boanamary, kwenye mlango wa mto. Mwongozaji mwenzangu ameugua. Unalo hema lako?"

"Ninalo."

"Na jiko?"

"Ninalo."

"Gesi si shida, ninayo mimi. Ila sikiliza. Msitu ule hauruhusu moto wa kuni wala wa mkaa. Mwongozaji kwangu analala kwake na anapika kwake, haombi kwa mgeni. Ukija na vyako, wewe ni mwongozaji. Ukija mikono mitupu, wapagazi ninawapata huko huko, na wewe utakuwa mmoja wao. Kiti cha ndege kipo, ni cha yule mgonjwa."

Nilisema ndiyo. Nafikiri ilikuwa "ndiyo" ya haraka kuliko zote nilizowahi kusema.

Mama aliogopa alipopata habari. Si kazi iliyomtisha. Ilikuwa ni ndege, na ni Mahajanga. Baadaye akachukua ile shanta akaanza kupanga yeye mwenyewe. Fimbo alizisukuma kwa ndani, pembeni. Jiko alilizungushia fulana yangu. Vigingi alivifunga ndani ya kitambaa cha kichwa. Kila kitu kiliingia, hakuna kilichoning'inia nje.

"Hii unaingia nayo," alisema.

"Mama, wenzangu husema mizigo ya milimani inakwenda chini, tumboni mwa ndege."

"Tumboni!" Alicheka kicheko kibaya. "Tumbo lile nalijua. Linameza, halitapiki."

"Zamani, mama. Siku hizi wanakupa karatasi."

"Na mimi nilipewa maneno matamu. Utaingia nayo, utaiweka miguuni. Wakikuambia nipe, waambie mama yangu amekataa. Niapie."

Nikamwapia. Mtoto wa mjane wa Tanambao angesema nini?

Uwanja wa ndege wa Nosy Be, wakati huo, ulikuwa mdogo. Wanaosindikiza walisimama nyuma ya kizuizi cha mbao, na kutoka pale waliweza kuona mpaka meza ya ukaguzi. Mama alisimama pale amevaa buibui lake la kutokea, mikono imeshika ubao. Patroni na wageni wake walikuwa wamekwisha kufika. Mashanta yao yalipangwa chini kama watoto wa shule, fimbo zimefungwa ubavuni kwa nje, na moja moja yalipimwa, yakabandikwa karatasi, yakapotelea nyuma ya pazia la mpira. Wageni walikuwa wakicheka. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama lake likienda.

Zamu yangu ikafika. Mwanamke wa mizani alisema, "Weka hapa."

"Naingia nayo."

"Yote hiyo? Chini ni bure, zandry, kilo zako zipo."

"Naingia nayo," nilirudia, na nilihisi masikio yanawaka. Patroni alikuwa mbele, akigombana na mtu kuhusu tiketi ya mgeni mmoja, hakunisikia. Mwanamke aliipima kwa macho, akaona haizidi sana, akanipa kadi ya kupandia. "Shauri yako," alisema, si kwa ubaya.

Katika meza ya ukaguzi walikuwepo askari wawili, mmoja mnene, mmoja kijana. Hapakuwa na mashine. Walifungua kwa mikono. Yule mnene alivuta fulana yangu, jiko likaanguka mezani na mlio wa kijiko.

"Hili nini?"

"Jiko."

"Jiko! Jamani, huyu anakwenda kupika angani." Akalinusa. "Linanuka gesi. Na hizi?" Alikuwa ameshika fimbo. Alizivuta, zikarefuka, na ncha zake za chuma zikatokeza. Akamnyooshea mwenzake kama mtu mwenye mkuki. "Mchome rubani, twende zetu Ulaya!"

Mwenzake akafungua kile kitambaa cha kichwa, vigingi vikamwagika. Halafu kisu. Kila kilichotoka kilileta kicheko kipya. Nyuma yangu foleni ilikuwa imerefuka na watu walikuwa wakichungulia. Mimi nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na maneno, yote, tena kwa mpangilio: mimi ni mwongozaji, hivi ni vyombo vya kazi, jiko halina mtungi. Hayakutoka.

Yule kijana alikuwa na huruma. "Kaka, muda upo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Rudi kwa yule dada wa mizani, mwambie begi liende chini na vitu vyako vyote. Ndege hata injini haijawasha. Ukibaki nalo mkononi, hivi vinabaki hapa."

Niligeuka. Nilitaka kurudi kwenye mizani, naweza kuapa. Hatua zilikuwa chache tu. Lakini mama alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa ameona begi linafunguliwa na mikono ya watu inatoa vitu, na alikuwa amekwisha kupanda ukingo wa kile kizuizi kwa mguu mmoja, yeye mtu mzima ambaye hata sokoni hapandishi sauti.

"Usiwape!" alipiga kelele. "Mwanangu, usiachie! Usiachie!"

Uwanja mzima uligeuka. Wageni waligeuka. Patroni aligeuka. Mtu alicheka, mwingine akauliza huyo mama ana nini. Naye hakuwaona. Alikuwa akiiangalia shanta tu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye yuko mahali pengine, katika uwanja mwingine, mbele ya ngazi nyingine. Nilijua kwamba nikiibeba shanta ile mpaka kwenye mizani na kuiacha ipite nyuma ya lile pazia la mpira, ataiona ikipotea, na ataanguka pale pale.

Nikaifunga. Nikaivaa begani. Jiko, fimbo, vigingi na kisu vilibaki mezani.

"Mama yangu yule pale," nilimwambia yule mnene. Ndiyo sentensi ndefu niliyoweza. "Mpeni yeye."

"Atapewa, atapewa," alisema, na tayari alikuwa amegeukia begi la mtu mwingine.

Nilipomtazama mama, alikuwa ameweka mkono kifuani. Alikuwa akitabasamu. Shanta ilikuwa mgongoni mwangu.

Sina la kusimulia kuhusu ndege yenyewe. Nilikaa na shanta miguuni, magoti yakigusa kidevu. Mgeni mmoja aliyekuwa karibu nami alilala safari yote, miguu ameinyoosha.

Mahajanga mizigo ililetwa kwa mkokoteni. Niliona mashanta yakishushwa, na nikayahesabu kimoyomoyo kama yangu. Yote yalifika. Fimbo zote zilikuwa ubavuni, zimefungwa vile vile. Jiko la kila mtu lilikuwa ndani. Nitasema ukweli: nilitamani moja lipotee. Moja tu, la mgeni yeyote, ili mama awe na haki na mimi niwe na sababu.

Patroni aliniuliza njiani, tukielekea mjini. Nilimwambia kwa maneno machache. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Una siku ya leo," alisema. "Tafuta jiko."

Nikazunguka. Soko zima nililizunguka, na maduka ya Wahindi, na wale wanaopanga vyuma chakavu chini. Nilionyeshwa majiko ya mkaa ya kila ukubwa. Nilionyeshwa primasi, jiko la mafuta ya taa, yenye kutu, ambayo mwenyewe alisema haiwaki ila inafaa kuzuia mlango. Nikieleza kuhusu jiko linalokaa katika kiganja, watu walinitazama kama mtu anayetania. Mwenye duka mmoja akaniuliza, "Utapikia nani humo? Panya?"

Karibu na ofisi ya posta nilimpigia simu jirani yetu mwenye duka, akaenda kumwita mama. Nilisikia ndala zake zikija.

"Umefika?"

"Nimefika. Walikupa vitu vyangu?"

"Nilikaa mlangoni mpaka wakanifukuza. Wanasema hawajui vitu gani." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa na nguvu, karibu na furaha. "Umeona sasa? Umeona? Vidogo wamechukua. Ungewapa begi zima ingekuwaje? Ungefika huko kama nilivyofika mimi."

Nilishika simu. Ningeweza kumwambia kuhusu ule mkokoteni. Ningeweza kumwambia, mama, yaliyokwenda tumboni yametapikwa yote, ni langu tu lililoliwa. Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia askari. Lakini alikuwa amengoja maisha yangu yote ili awe amefanya sawa mara moja katika uwanja wa ndege.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Nimeona."

Jioni tulikutana mtaa wa Tsaramandroso, mle mle mjini, nyumbani kwa rafiki wa patroni, ambako wapagazi walikuwa wakigawana mizigo. Nilisema nitachonga vigingi vya miti, na fimbo nitakata msituni.

"Na jiko utachonga?" aliuliza patroni.

Wapagazi walicheka. Mmoja alisema, "Mpe kazi, patroni. Atawaongoza wageni kwa njaa."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alifahamu kinachoendelea na akasema jiko lake litatutosha wawili. Patroni alimshukuru kwa Kifaransa kizuri, akamwambia hapana. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kimalagasi. "Mwongozaji anayekula kwa mteja, kesho mteja ndiye anayemwongoza. Nilikuambia nyumbani kwako. Sikukuficha."

Ni kweli, hakunificha.

Palikuwa na kijana wa mtaa ule ule wa Tsaramandroso, umri wangu, aliyewahi kuwapikia wapima ardhi. Alikuwa na jiko la gesi, kuukuu, lenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Akatwaliwa yeye kuwa mwongozaji. Hema hakuwa nalo. Patroni alitazama shanta yangu, na mimi nikafahamu kabla hajasema.

"Wapagazi wanalala chini ya turubai kubwa," alisema. "Hema lako halitakuwa na kazi. Muazime mwenzako."

Nilimpa. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Kila jioni, tulipotua, alikuja kwangu kuuliza, "Kaka, naruhusiwa?" ingawa hema lilikuwa tayari katika mzigo wake. Alichonga vigingi vya miti, vikashika vizuri tu. Alitembea mbele na chupa yake. Wageni walimuuliza majina ya miti, na asiyoyajua aliyabuni, nao wakacheka na kumpenda. Mimi nilikuwa wa mwisho katika mstari, na mzigo wa yule mgeni mama wa makamo mgongoni, fimbo zake zimefungwa ubavuni kwa sababu njia ilikuwa tambarare na hakuzihitaji. Katika kila hatua zilinigonga kiunoni. Siku ya pili nilizihamisha upande mwingine, zikagonga huko.

Mara moja wageni walisimama kwa ajili ya ndege mmoja wa buluu aliyeketi juu ya njia, na yule kijana akakosa la kusema. Patroni alikuwa nyuma. Nilijua jina la ndege yule kwa Kifaransa, nilikuwa nimelisikia Lokobe mara nyingi. Nilifungua kinywa. Lakini mpagazi akisema mbele ya wageni, anamvunjia mwongozaji heshima, na mimi nilikuwa mpagazi. Nikafunga. Ndege akaruka.

Tulimaliza Boanamary, mahali ambapo maji ya Betsiboka ni mekundu kama udongo wa matofali. Lori la kuturudisha mjini lilikuwa linangoja chini ya mteremko. Wageni walipiga picha na yule kijana katikati yao. Sisi tulipakia. Patroni alikuja nilipokuwa nakaza kamba, akasimama kando yangu kidogo, akiangalia.

"Umebeba vizuri," alisema. "Hukulalamika, hukudondosha kitu. Wapagazi wa namna hii sipati. Msimu ujao uje tena. Nafasi yako ninakuwekea."

Nilitaka kumuuliza nafasi ipi. Swali lilikuwa fupi, maneno mawili. Alingoja kidogo, pengine aliona kwamba kuna kitu kinakuja, kwa sababu aliinamisha kichwa kama mtu anayetaka kusikia. Dereva akapiga honi.

"Asante, patroni," nilisema, na nikapanda nyuma, juu ya mizigo.